Leonhard Euler na Nambari 2,147,483,647

Leonhard Euler, mwanahisabati mtajika, alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake alikuwa kasisi na alinuia mwanawe afuate nyayo zake. Hata hivyo, Johann Bernoulli, bingwa wa hisabati mjini humo, aling'amua kipawa cha kijana huyo na kumshawishi mzee wake amwachilie asomee hisabati.

Mwaka wa 1727 Euler alihamia St Petersburg, Urusi. Aliishi Berlin kuanzia 1741 hadi 1766, kisha akarejea Urusi. Kufikia wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuharibika. Punde si punde, ugonjwa wa mtoto wa jicho ukalivamia la kushoto. Upasuaji wa mwaka wa 1771 haukufua dafu, na mwaka uo huo nyumba yake ikateketea kwa moto.

Licha ya masaibu hayo, mwaka wa 1772 Euler alitoa jibu la swali la kale. Mbili 31 zikizidishwa pamoja, kisha moja ikaondolewa, hupatikana 2,147,483,647. Je, hii ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Mtawa Mfaransa Marin Mersenne alikuwa ameiorodhesha kuwa tasa mwaka wa 1644, lakini bila ithibati. Isitoshe, orodha yake ilikuja kubainika kuwa na makosa.

Ili kuhakikisha, ingebidi nambari hiyo igawanywe kwa kila nambari tasa isiyozidi 46,340, nazo ni karibu 4,800. Euler alionyesha kwamba kigawanyo chake chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakishe 1 au 63. Kwa hoja hiyo, zilisalia nambari zisizofikia mia moja za kujaribiwa. Hakuna hata moja iliyoigawanya. Mersenne alikuwa amesema kweli kuhusu nambari hii, ila ni Euler aliyeithibitisha.

Kwa zaidi ya miaka 75 hapakujulikana nambari tasa kubwa kuliko hiyo. Katika tarakilishi, ndiyo nambari kamili kubwa zaidi inayohifadhiwa kwa biti 32 pale ambapo biti moja hutengewa alama ya chanya au hasi.

Euler aliaga dunia mjini St Petersburg tarehe 18 Septemba 1783. Takriban nusu ya kazi zake aliziandaa baada ya mwaka wa 1766, wanawe na wanafunzi wake wakiyaandika aliyoyakokotoa akilini.