George Washington Carver: Kijana Aliyesomea Mimea kwa Ajili ya Watu Wake



Juma lililopita mshirika mmoja alinifuata baada ya ibada akiwa na uso mzito. Mwanawe amepata mwaliko wa chuo kikuu, na kozi aliyopewa ni kilimo cha bustani: mboga, matunda, maua na elimu ya mimea. Mzee alikuwa anangoja udaktari, au angalau sheria. Akaniuliza kama ni kweli mtoto anaenda kusoma miaka minne ati ajifunze kushika jembe, kazi ambayo nyanya yake aliifanya bila hata cheti cha darasa la kwanza.

Nikiri mbele yenu: nilikubaliana naye. Mimi nilisomea biashara, na papo hapo nikamshauri kijana aombe kubadilishiwa kozi asome biashara kama mimi. Yule kijana hakunijibu. Aliniangalia tu, kisha akaangalia chini.

Usiku huo usingizi ulinipaa. Nikakumbuka maisha ya mtu mmoja niliyewahi kuyasoma, nami nikaona nimemkosea yule kijana. Hebu leo tumwangalie mtu huyo pamoja.

George Washington Carver alizaliwa mtumwa huko Missouri, Marekani, karibu mwaka 1864. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika, maana mtoto wa mtumwa alihesabiwa pamoja na mifugo. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima mmoja aitwaye Moses Carver. George akiwa bado mchanga, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wavamizi walikuja usiku wakamteka yeye na mama yake. Moses Carver akatuma mtu kuwatafuta. Mtoto alipatikana, akiwa mgonjwa sana, na malipo yake yakawa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipokwisha, George na kaka yake Jim walibaki pale kwa Moses na mkewe Susan. Mwili wa George ulikuwa dhaifu, kazi nzito za shambani hakuziweza, kwa hiyo alishinda nyumbani na Susan akijifunza kupika, kushona na kufua. Lakini kila alipopata nafasi alikimbilia msituni. Alijitengenezea kibustani chake cha siri, akitunza maua na miche iliyonyauka. Majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyougua, wakimwita daktari wa mimea. Alikuwa bado hajui hata kusoma vizuri.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Basi akiwa bado mtoto alitoka kwa miguu hadi mji wa Neosho, kulikokuwa na shule ya watu weusi. Huko alipokelewa na mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, na mumewe Andrew. Mariah alikuwa mtu wa maombi. Alimlisha, akampa kazi ya kufua, akampeleka kanisani. Na alimwachia agizo moja ambalo George hakulisahau: asome kila anachoweza kusoma, kisha arudi awape watu wake elimu hiyo. Wamama wa kanisa letu, mnaona? Mama yule hakuwa na chuo, lakini neno lake lilipanda mbegu iliyozaa chuo.

Njia haikuwa laini. Kule Kansas, akiwa kijana, aliona kwa macho yake umati wa watu ukimuua mtu mweusi, akakimbia mji ule. Alimaliza sekondari kwa shida, akifua nguo za watu. Kisha akaandika barua kwa chuo kimoja, Highland, wakamkubali kwa barua. Alipofika, walipoona rangi ya ngozi yake, wakamkataa palepale mlangoni. Fikiria umesafiri na sanduku lako, na barua ya mwaliko iko mfukoni!

Baada ya hapo alikwenda magharibi mwa Kansas, nchi kavu yenye upepo na miti michache. Sisi wa Mandera tunaijua nchi kama hiyo. Alijenga nyumba ya udongo, akalima ekari 17 kwa mikono yake, akapanda hata miti ya matunda. Miaka ikapita, na mtu angesema ndoto ya chuo imekufa.

Haikufa. Mwaka 1890, akiwa na miaka 25 hivi, alipokelewa katika Chuo cha Simpson, Iowa. Alipomaliza kulipa karo alibaki na senti 10 mfukoni. Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini: hakwenda kusomea kilimo. Alikwenda kusomea uchoraji. Huo ndio uliokuwa moyo wake. Mchoro wake mmoja wa mimea ya jangwani ulionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia kule Chicago mwaka 1893 na ukapewa heshima.

Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea, kila mshipa wa jani mahali pake. Akahofia kwamba mtu mweusi hangeweza kuishi kwa kuuza picha katika nchi ile. Baba yake alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha serikali huko Ames, kinachoitwa leo Iowa State. Akamshauri George ahamie huko. George aliona uchungu, lakini agizo la Mariah likamrudia. Watu wake kule kusini walikuwa wamewekwa huru bila kitu mkononi, wanalima mashamba ya wengine, wanakufa njaa juu ya udongo. Picha zingewafaa nini? Mwaka 1891 alihamia Ames.

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi pale. Mwanzoni hakuruhusiwa kula na wanafunzi wenzake, akalazimika kula na wafanyakazi. Alivumilia. Akajifunza jinsi ya kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, jinsi ya kuchanganya aina za maua ili kupata aina mpya, na jinsi ukungu unavyoshambulia mimea. Tasnifu yake ilihusu namna mwanadamu anavyoweza kuiboresha mimea. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894, wakamwajiri, akasimamia nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea. Mwaka 1896 akapata shahada ya uzamili. Profesa wake, Louis Pammel, alimthamini sana, na chuo kilitaka abaki.

Mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee, Alabama, alimwita. George akaacha maabara nzuri ya Iowa akaenda. Wapendwa, alidhani atakaa miaka michache tu, kisha arudie rangi zake. Alikaa miaka 47, hadi kifo.

Alichokikuta Tuskegee kilivunja moyo. Maabara hakuna. Aliwapeleka wanafunzi jalalani wakaokota chupa, vikombe na mabati, wakatengeneza vifaa. Mashamba yalikuwa yamechoka, kwa sababu kila mwaka watu walipanda pamba juu ya pamba. Hapa ndipo elimu ya chuo kikuu ilipotofautiana na jembe la kawaida. Carver alijua kwamba kunde na njugu karanga zina vijidudu kwenye mizizi, navyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuirudisha kwenye udongo bure. Mkulima maskini asiye na pesa ya mbolea angeweza kupanda mbolea. Tena kunde na njugu zingempa mtoto wake chakula chenye protini. Akawafundisha kubadilisha mazao: mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde, njugu au viazi vitamu. Na miaka ya 1910, mdudu wa pamba alipoingia Alabama na kuteketeza mashamba, waliokuwa wamejifunza mazao mengine walikuwa na pa kushika.

Hakungoja wakulima wamfuate chuoni. Mwaka 1906 Tuskegee ilianzisha gari la kukokotwa na nyumbu, lililojaa vifaa na mbegu, likazunguka vijijini likifundisha. Aliandika vijitabu kwa lugha nyepesi. Kile cha mwaka 1916 kilieleza kulima njugu na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza kuhusu njugu. Alipewa dakika 10, lakini wabunge wakamwongezea muda, wakiwa wamesahau saa.

Moto wa Tuskegee ulifika mpaka hapa kwetu. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyopenda mfano wa chuo hicho, ilizuru Kenya, naye Dkt. Aggrey wa Gold Coast akiwamo. Mwaka 1925 ikaanzishwa Shule ya Jeanes, Kabete, kufundisha walimu wa kwenda vijijini na elimu ya shamba na afya.

Tusimfanye malaika. Watu husema aligundua siagi ya njugu; si kweli. Vitu vingi alivyotengeneza havikuingia sokoni. Na kama mtu wa biashara nawaambia, angekuwa meneja wangu ningelia: hesabu za banda la kuku alilopewa kusimamia zilimtia matatani na Washington mwenyewe. Alichukua hataza tatu tu maisha yake yote, maana aliamini alichopewa na Mungu bure hapaswi kukiuza. Mshahara wake alikuwa akiuacha bila kuutumia. Lakini kila alfajiri aliamka mapema kutembea msituni na kuomba, na jioni za Jumapili alifundisha vijana Biblia. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa kando ya Washington. Akiba yake aliiachia mfuko wa utafiti pale pale Tuskegee.

Sasa turudi Mandera. Ukiteremka hadi mto Daua utaona vitunguu, ndizi na matikiti yakistawi kandokando ya maji, na hatua chache tu mbele, vumbi. Mwaka mmoja mto unakauka, mwaka mwingine unafurika na kubeba shamba. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa, umegeuka mzigo kwa wafugaji. Mboga nyingi tunazonunua sokoni zimesafiri siku kadhaa ndani ya lori. Nani atatuambia ni nyanya ipi itavumilia joto hili, ni wadudu gani wanakula maembe, ni namna gani ya kutumia maji kidogo? Daktari hatatuambia. Wakili hatatuambia. Hata mimi na shahada yangu ya biashara, nitauza nini kama hakuna kilichoota?

Kazi ya kwanza ambayo Mungu alimpa Adamu ilikuwa kuitunza bustani (Mwanzo 2:15). Na asubuhi ya ufufuo, Mariamu alipomwona Bwana alidhani ni mtunza bustani (Yohana 20:15). Bwana hakuona aibu kufananishwa hivyo. Aibu ni yetu sisi.

Tena wengi wetu tuko hapa kwa kazi tu, tukihesabu miezi ya kungoja uhamisho. Carver pia alikuja na hesabu ya miaka michache. Sisemi kila mmoja akae miaka 47. Nasema usikae hata mwaka mmoja bila kupanda kitu, uwe mwalimu, muuguzi, askari au mwenye duka.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilimwomba kijana msamaha mbele ya babake, tukazungumza mpaka chai ikapoa. Mzee hajakubali kabisa, lakini ameacha kukataa, na ameuliza nauli ya kwenda chuoni ni kiasi gani. Jumapili ijayo baada ya ibada tutapitisha kikapu kwa ajili ya nauli na karo ya kuanzia. Aliye na senti 10 alete senti 10; tumeona zilimfikisha mtu wapi.

Tuombe: Bwana, utusamehe tulipodharau kazi uliyoianza wewe mwenyewe kwa mikono yako. Wabariki watoto wetu wanaosoma, na uwarudishe na mbegu. Amina.

Mchungaji Msaidizi