King Tubby: Fundi wa redio aliyegeuza chumba cha kulala kuwa studio

UKIABIRI matatu yenye spika nzito na DJ acheze reggae, tega sikio. Kuna mahali sauti ya mwimbaji itakatika ghafla, zibaki besi na ngoma tu, kisha neno moja lirudi likijirudiarudia kama mwangwi wa bondeni. Mtindo huo unaitwa dabu, na aliyeunoa zaidi ni jamaa wa Kingston, Jamaica, aliyefanyia kazi yake nyumbani kwa mamake.

Jina lake halisi lilikuwa Osbourne Ruddock, ingawa dunia ilimjua kama King Tubby. Alizaliwa Januari 28, 1941. Hakuvuma kwa kuimba wala kwa kupiga gitaa. Alikuwa fundi wa umeme: ukimletea redio iliyokufa, aliifufua. Enzi hizo mitaa ya Kingston ilikuwa na ma-DJ waliozunguka na spika kubwa kama kabati wakichezesha watu usiku kucha, na amplifaya zao zikiharibika walimkimbilia Tubby. Baadaye akaanzisha mitambo yake mwenyewe, Hometown Hi-Fi, na kwenye maiki akawa na U-Roy, mmoja wa waasisi wa kughani juu ya mdundo.

Wakati huo pia alikuwa akikata santuri kwa prodyusa Duke Reid. Humo kazini akagundua jambo: ukiondoa sauti ya mwimbaji, mdundo unaobaki unaweza kuwa wimbo mwingine kabisa. Watu dansini walipagawa, naye U-Roy akapata nafasi ya kujimwaga.

Sasa alihitaji studio, lakini hela za kujenga jumba hakuwa nazo. Mapema miaka ya 1970, kwa msaada wa prodyusa Bunny Lee, alipata mixa iliyotumika kutoka studio ya Dynamic Sounds. Ilikuwa na njia nne tu za sauti. Akaiweka kwenye chumba cha kulala cha nyumba ya mamake mtaani Waterhouse. Bafu likageuzwa kibanda cha kuimbia. Basi, studio ikawa hiyo.

Bendi nzima haingetoshea humo, na Tubby hakujisumbua kuilazimisha. Ngoma, besi na gitaa zilirekodiwa kwenye studio kubwa, kisha maprodyusa wakamletea kanda. Yeye alibaki na mambo mawili: kurekodi sauti za waimbaji, na kuchanganya muziki. Hayo mawili aliyafanya kuliko mtu yeyote mjini.

Kifaa alichokosa, alikiunda. Mwangwi aliupata kwa kuzungusha kipande cha utepe kwenye mashine kuukuu ya kurekodia. Alifungua mitambo akaibadilisha apendavyo, kwa sababu alijua kila waya unaenda wapi. Mixa, ambayo wengine waliitumia kupima sauti tu, yeye aliicheza kama kinanda.

Biashara nayo ilimkubali. Kila santuri ilikuwa na pande mbili. Prodyusa aliyempa Tubby wimbo mmoja alipata dabu ya kujaza upande wa pili bila kuwalipa wanamuziki tena. Punde jina la fundi likawa linauza santuri kama la mwimbaji. Albamu ya Augustus Pablo ya 1976 hata imebeba jina la Tubby kwenye kichwa chake.

Chumba hicho kilikuwa pia shule. Prince Jammy na Scientist walijifunza kazi hapo. Mwaka wa 1985 Jammy, akiwa na studio yake nyumbani hapo hapo Waterhouse, alitoa mdundo wa Sleng Teng kutoka kwa kinanda kidogo cha Casio, na reggae ikageukia muziki wa kidijitali. Tubby naye akajenga studio mpya, kubwa zaidi.

Hakuifaidi sana. Usiku wa Februari 6, 1989, akirejea kutoka studio, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake mtaani Duhaney Park. Alikuwa na miaka 48. Muuaji hakujulikana.

Leo kijana wa bedsita mwenye laptopu nzee na programu ya bure ana njia nyingi za sauti kuliko zile nne za Tubby. Kinachowakwamisha wengi ni kungoja hadi kila kifaa kipatikane. Kama chumba chako hakitoshi ngoma, tafuta biti kwingine, tundika blanketi ukutani kumeza mwangwi, na urekodi sauti safi. Kisha kijue kila kitufe ulicho nacho kabla ya kuota kingine. Tubby alianza na njia nne na bafu.