Edmund Morel, karani aliyesoma karatasi za meli



Kwenye mikutano ya wale waliorudi vijijini, swali moja linarudi kila mara: hii kuandika-andika ina faida gani? Leo majina, kesho mipaka ya shamba, kesho kutwa sahihi. Tunajibu kwa maisha ya mtu aliyekufa mwaka wa 1924, ambaye kazi yake iligusa inchi yetu.

Edmund Morel alizaliwa Paris tarehe 10 mwezi wa 7, 1873. Baba alikuwa Mfaransa, mama Mwingereza. Baba alikufa mtoto akiwa na miaka 4 tu. Mwaka wa 1891 akapata kazi ya ukarani Liverpool, katika kampuni ya meli Elder Dempster. Kampuni hiyo ilibeba mizigo kati ya Anvers na Kongo, iliyokuwa mali ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji. Juu alijua Kifaransa, wakawa wanamtuma Anvers.

Kule njo alianza kushangaa. Meli zilifika zimejaa mpira na pembe za tembo. Na zilirudi Kongo na nini? Zaidi bunduki na risasi. Vitambaa na vitu vingine vya kuchuuza vilikuwa kidogo sana. Basi mpira wote ule ulilipwa na nini? Akaelewa: haukulipwa. Watu walitumikishwa kwa nguvu. Kijiji kisipofikisha kilo zilizoombwa, wanawake walifungwa, wanaume wakakimbilia pori, mashamba yakabaki, njaa ikaingia. Askari walikata watu mikono ili kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure. Wale waliokimbia wakati ule, sisi tunawaelewa bila kufundishwa.

Morel aliwaambia wakubwa wake, hawakufurahi. Wakamtolea kazi nyingine yenye mshahara mzuri, akakataa. Mwaka wa 1901 akaacha kazi, na yeye alikuwa na bibi na watoto wa kulisha. Mwaka wa 1903 akaanzisha gazeti lake. Mwaka ule, Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto na kuandika ripoti ya mambo aliyoona. Mwezi wa 3, 1904 wakaanzisha Congo Reform Association. Wamisionere walileta barua, na Alice Harris akaleta picha.

Lakini Morel mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja. Ushuhuda ulitoka kwa wenye inchi. Léopold alipolazimika kutuma tume ya uchunguzi, chifu Lontulu wa Bolima aliweka vijiti 110 mbele yao, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa kijijini kwake. Ile nayo ilikuwa lisiti. Mwaka wa 1908 mfalme akanyanganywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Uhuru ulikuwa bado mbali na kazi ya nguvu haikuisha yote, lakini mlango mmoja ulifungwa.

Vita vya 1914 vilipoanza, Morel alidai serikali yake isifanye mapatano ya siri nyuma ya raia. Mwaka wa 1917 akafungwa miezi 6 kwa sababu ya kutuma maandishi yake Uswisi bila ruhusa. Afya yake iliharibika gerezani. Mwaka wa 1922 akamshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa Dundee. Miaka miwili baadaye akafariki.

Kuna doa, na hatutalificha. Mwaka wa 1920 aliandika maneno mabaya ya ubaguzi juu ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Mtu aliyetetea mikono yetu alishindwa kuheshimu watu wetu walipofika karibu naye. Kwa hiyo wanamemba, msaada tunaupokea, lakini heshima yetu tusimwachie mtu mwingine aichunge. Na ninyi wafadhili, tunaomba mutupokee vilevile hata siku tutakapogonga mlango wenu.

Basi, animateri akifika na daftari, tusimfukuze. Tutaje shamba, mpaka, jirani anayeshuhudia, mwaka wa kukimbia na mwaka wa kurudi. Mwenye shamba lililochukuliwa akisimama mbele ya chifu ao mbele ya tribinali, machozi peke yake hayatoshi. Chifu Lontulu hakuwa na karatasi, lakini alikuwa na hesabu.