Sir Charles Eliot: Kamishna aliyempa konokono jina la Wasini

Wengi wetu tuliosoma historia shuleni tunamjua Sir Charles Eliot kwa jambo moja tu: ardhi. Yeye ndiye Kamishna wa Kiingereza aliyewafungulia walowezi milango ya nyanda za juu. Lakini yuko Eliot wa pili, ambaye vitabu vya shule havimtaji. Huyo alikuwa akiinama juu ya sahani ya maji ya chumvi akimtazama mdudu wa mwambani asiyezidi urefu wa kidole.

Alizaliwa Uingereza tarehe 8 Januari 1862 na akasoma Oxford. Alikuwa na kipaji cha ajabu cha lugha. Mwaka 1890, kabla hajafika miaka thelathini, alishatoa kitabu cha sarufi ya Kifini. Serikali yake ilimpeleka Urusi, Uturuki na Marekani, na mwaka 1899 akatumwa visiwa vya Samoa. Huko Samoa aliandika habari za viumbe vilivyomshika moyo maisha yake yote: konokono wa baharini wasio na gamba.

Tusimchanganye kiumbe huyu na jongoo wa baharini, ambaye wavuvi wetu humkausha na kumuuza. Huyu ni konokono hasa, ila amevua nyumba yake. Wengi wao hubeba matamvua ya kupumulia mgongoni, kama kijishada cha maua, na rangi zao zinang'ara kushinda kanga mpya. Maji yakitoka bamvua, ukitembea mwambani kwa utulivu, utawaona chini ya mawe.

Eliot alishika ukamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki mwisho wa mwaka 1900. Wakati huo makao ya serikali yalikuwa hapa hapa Mombasa. Ngome ya Yesu ilikuwa jela, na reli ilikuwa inakaribia ziwa, ikafika Desemba 1901. Katikati ya shughuli hizo, Kamishna hakuacha konokono wake. Kijana mtaalamu wa bahari, Cyril Crossland, alifanya kazi ya kukusanya viumbe Unguja na mwambao wetu mwaka 1901 na 1902, na konokono wasio na gamba wakaingia mikononi mwa Eliot.

Kumtangaza kiumbe kuwa mpya si kazi ya kukisia. Mfano huo huo hutumika kwa konokono, kwa uduvi na kwa kaa. Kwanza unachukua kielelezo na kuandika rangi zake angali hai, maana akishatiwa katika spiriti rangi hukimbia akabaki kama kipande cha nyama kilichochemshwa. Kisha unampasua. Akiwa ni konokono, unautoa ulimi wake, ambao umejaa vijino visivyoonekana ila kwa hadubini, unavihesabu safu kwa safu na kuvichora. Halafu unamlinganisha na wote walioandikwa kabla yake popote duniani. Ukiridhika kwamba hafanani nao, unampa jina la Kilatini na kulichapisha. Tangu siku hiyo jina lako ndilo la haki. Atakayekuja baadaye na jina jingine kwa kiumbe yule yule, jina lake litaanguka. Ndivyo Franz Hilgendorf wa Ujerumani alivyomwandika mwaka 1869 kaa mdogo apandaye mikoko yetu, na hadi leo kaa yule anatajwa pamoja na jina lake.

Eliot alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na makala zake zilichapishwa na Jumuiya ya Zuolojia ya London. Mwaka 1902 alimwandika Crosslandia viridis, kumheshimu Crossland. Mwaka 1904 akamwandika Halgerda wasinensis, yaani Halgerda wa Wasini. Jina la kisiwa chetu kidogo mkabala wa Shimoni likaingia katika vitabu vya elimu duniani, na halijatoka.

Mwaka ule ule wa 1904 Eliot alijiuzulu. Ugomvi ulikuwa juu ya ardhi. Mwaka 1902 serikali yake ilikuwa imepitisha sheria ya kuigawa ardhi iliyohesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Eliot aliona bara ni nchi ya kukaa wazungu, na hakukubali kwamba Wamaasai wana haki ya kuyashika malisho yao makubwa. Wakubwa wake London walipomzuia asiwape watu wawili kutoka Afrika Kusini ardhi aliyotaka kuwapa, akaacha kazi kwa hasira. Kuondoka kwake hakukuwaokoa Wamaasai. Agosti ya mwaka huo mrithi wake alitia sahihi mkataba uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki hapa Pwani, na ardhi isiyodaiwa kwa karatasi ikahesabiwa ya serikali. Machungu yake tunayo mpaka leo.

Eliot baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Hong Kong tangu kilipoanza, akawa balozi Japani, na akaandika vitabu vikubwa juu ya dini za Wahindu na Wabudha. Alifariki melini tarehe 16 Machi 1931 akirudi kwao, akazikwa baharini.

Mimi namtazama mtu huyu kwa macho mawili. Alikuwa na subira ya kuhesabu meno ya konokono kabla ya kusema huyu ni nani. Kwa watu na ardhi yao hakuwa na subira hiyo. Alitoa hukumu kabla ya kuuliza. Elimu yake tuichukue, maana ni ya kweli na inatuhusu. Dhuluma yake tusiifunike kwa sababu alikuwa msomi.

Katika majina yale mawili limo la mkusanyaji na limo la kisiwa, lakini la mvuvi halimo. Leo taasisi ya utafiti wa bahari iko hapa Mombasa, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Mwambani bado wamo viumbe wadogo ambao hakuna aliyewaandika. Mzazi mwenye mtoto anayependa kupekua mawe maji yakitoka asimfukuze arudi nyumbani. Ampe kalamu na daftari, huenda jina lijalo akalitoa yeye.