Gagarin: Rubani aliyefungiwa usukani

Yuri Gagarin alizaliwa 1934 kijijini Klushino, Urusi, mtoto wa seremala. Alisomea kazi ya kumimina chuma kiwandani, kisha akawa rubani wa jeshi.

Aprili 12, 1961, akiwa na miaka 27, akawa binadamu wa kwanza kufika anga za juu. Lakini cheki hii: usukani ulikuwa umefungwa! Wakubwa waliogopa kwamba mtu asiyehisi uzito wake angeshindwa kuongoza hata mikono, ama akili imruke. Namba ya kuufungua, 125, ilitiwa ndani ya bahasha. Bahati nzuri, kuna waliomnong'onezea mapema.

Huko juu jamaa alikula, akanywa, akaandika. Penseli ilimponyoka ikaelea zake, lakini mkono ulimtii vizuri tu. Dakika 108, akawa amerudi duniani.

Miezi minne baadaye mwenzake, Gherman Titov, akaachiwa usukani. Alitapika, ndio, lakini chombo alikiongoza kwa mkono.

Gagarin alifariki Machi 27, 1968 katika ajali ya ndege ya mazoezi. Miaka 34 tu, bana.