Daktari Williamson na Fumbo la Mwadui

Bila shaka umewahi kuona fumbo la njia. Ni picha yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Katikati pana vichochoro vingi. Kimoja tu hufika mwisho. Vingine vimezibwa mbele. Wengi hudhani huo ni mchezo wa watoto. Lakini akili inayotegua fumbo la namna hii ndiyo akili inayotafuta ng'ombe aliyepotea, au mali iliyofichwa ardhini. Soma habari za mtu mmoja aliyetegua fumbo kubwa kuliko yote katika nchi ya Usukuma.

1. Kuzaliwa na masomo yake

John Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria. Baadaye akavutwa na elimu ya miamba, akaacha sheria. Mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari. Kwa hiyo aliitwa Daktari, lakini hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Alikuwa mtaalamu wa mawe na udongo.

Baada ya masomo alikuja Afrika. Katikati ya miaka ya 1930 alifika Tanganyika, iliyokuwa ikitawaliwa na Waingereza. Alifanya kazi katika kampuni iliyotafuta almasi Mabuki, kusini ya mji wa Mwanza.

2. Fumbo lenyewe

Almasi chache zilikuwa zimeonekana Mabuki. Swali lilikuwa moja: je, zimetoka wapi?

Almasi haizaliwi juu ya ardhi. Hutoka chini sana, zaidi ya kilomita 100. Zamani za kale, moto wa ardhini ulisukuma mwamba ulioyeyuka juu kwa nguvu, ukapasua njia kama bomba. Mwamba huo huitwa kimbalaiti. Ndani yake almasi zilipanda. Kisha jua na mvua vikaula mwamba, maji yakabeba vijiwe, yakavitawanya mabondeni. Kwa hiyo mtu akiokota almasi moja, mwamba wake waweza kuwa hapo hapo, au mbali sana.

Sasa fikiri nchi ya Shinyanga. Ni tambarare. Udongo wa mbuga umefunika miamba. Kila kijito ni kichochoro, na vingi havifiki popote. Kampuni ilichoka, ikaacha kazi. Williamson hakuacha.

3. Namna alivyotafuta

Aliendelea kwa fedha kidogo na kwa madeni. Wakili mmoja wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kwa fedha, naye baadaye akawa na hisa katika mgodi. Masimulizi mengi humtaja Williamson peke yake. Lakini mtu mmoja hawezi kuchimba vishimo na kuchekecha mchanga katika nchi nzima. Wafanyakazi Waafrika ndio waliotoka jasho hilo pamoja naye.

Je, mtafutaji wa almasi hufanyaje? Hashiki jembe na kuchimba popote. Kwanza huchekecha mchanga wa kijito. Hatafuti almasi tu, kwa maana almasi ni adimu. Hutafuta vijiwe vingine vizito, vyeusi na vyekundu, ambavyo husafiri pamoja na almasi. Hivyo ni kama nyayo. Akiviona, hupanda kijito, huchekecha tena. Vikizidi, anakaribia. Vikitoweka, amepita, au kichochoro kimezibwa. Hapo huandika kwenye ramani, hurudi nyuma, hujaribu njia nyingine. Kila njia iliyoshindikana humsaidia, kwa kuwa hataipita tena.

4. Mwadui

Mwaka 1940 Williamson alifika mwisho wa fumbo. Mahali penyewe ni Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Watu husimulia kwamba almasi ya kwanza iliokotwa chini ya mbuyu. Mwamba uliopatikana ulikuwa na eneo la hekta 146, yaani ekari 360 hivi. Ni kama viwanja 200 vya mpira! Ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya almasi duniani.

Mgodi ulikua. Mwadui ikawa mji wenye hospitali, shule na kiwanja cha ndege, na ua kuuzunguka. Williamson akawa tajiri mkubwa. Aligombana na wanunuzi wakubwa wa almasi juu ya bei, hata kwa muda akaziweka almasi zake bila kuziuza.

Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Uzito wake ni kama gramu 11 tu. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilipokatwa na kung'arishwa ilibaki karati 23.6.

5. Kufa kwake

Williamson hakuoa. Alifariki Mwadui tarehe 8 Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Ndugu zake waliuza mgodi mwaka huo huo. Nusu ilinunuliwa na kampuni ya De Beers, nusu na serikali ya Tanganyika.

6. Mafunzo kwetu

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Wasukuma walilima na kuchunga katika nchi ile kwa vizazi vingi. Hati ya kuchimba ilikwenda kwa mtu aliyejua kusoma ardhi, kusoma ramani na kusoma sheria. Si kwamba wenyeji walikosa akili. Utawala wa kikoloni haukuwapa wengi wao elimu hiyo. Ndiyo sababu kisomo ni silaha.

Hata leo, wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga hupoteza fedha, na wengine maisha, kwa kuchimba duara kwa ndoto au kwa maneno ya mganga. Dhahabu nayo ina nyayo. Chembe za mtoni hutoka katika mwamba ulio juu zaidi. Fuata dalili, andika ulipopita, uliza ofisi ya madini. Wala usiingie katika duara la zamani lililoachwa. Fumbo la chini ya ardhi halimsamehi aliyepotea.

Zoezi la akili

Chora mchangani, kwa kijiti, mji wenye nyua nyingi za minyaa, zenye vichochoro na mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, yote miwili ukingoni. Mpe mwenzako atafute njia. Mfundishe mambo haya:

(a) Tazama picha nzima kabla ya kuanza.
(b) Tia alama kila kichochoro kilichozibwa.
(c) Ukikwama, anzia mlango wa kutokea, urudi nyuma.
(d) Au gusa ua kwa mkono wa kulia tangu mlangoni, usiuachilie kamwe. Utazunguka sana, lakini utatoka.

Maswali

1. Kwa nini Williamson aliitwa Daktari?
2. Almasi za Mabuki zilikuwa fumbo kwa sababu gani?
3. Vijiwe vyeusi na vyekundu humsaidiaje mtafutaji?
4. Kwa nini njia iliyoshindikana si hasara tupu?
5. Jadilini darasani: katika kijiji chenu, ni nani wanaofaidika na mali ya ardhini, na ni elimu gani mnayohitaji ili nanyi mfaidike?