Dorothea Dix na Jicho la Serikali

Aghalabu wanaokumbukwa katika historia ya utetezi wa watu wenye ulemavu ni wale waliojenga shule, waliobuni maandishi ya vipofu au waliotoa mali zao kuwasaidia wasiojiweza. Dorothea Lynde Dix, mwalimu wa Marekani, anastahili kukumbukwa kwa kazi ya aina nyingine. Hakuwa daktari wala mwanasheria, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa karne ya 19 hakuwa na haki ya kupiga kura. Silaha yake kuu ilikuwa ukaguzi: kuingia mahali ambapo wanyonge wamefungiwa, kuhesabu, kuandika, kisha kuuweka ukweli huo mbele ya watunga sheria.

Dix alizaliwa tarehe 4 Aprili 1802 huko Hampden, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maine. Baba yake alikuwa mhubiri wa kutangatanga, na nyumbani hapakuwa na utulivu. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alikwenda kuishi kwa nyanya yake mjini Boston, na miaka michache baadaye akaanza kufundisha watoto mjini Worcester. Mwaka wa 1836 afya yake ilidhoofika, akasafiri hadi Uingereza na kukaa na jamaa ya Rathbone karibu na Liverpool. Huko alikutana na watu waliojadili mageuzi ya jamii na wajibu wa serikali kwa wanyonge. Aliporejea Marekani, urithi alioachiwa na nyanya yake ulimwezesha kuishi bila kutegemea mshahara.

Mnamo Machi 1841 alikwenda kuwafundisha dini wanawake katika jela ya East Cambridge, Massachusetts. Aliwakuta humo watu wenye ugonjwa wa akili, wasio na hatia yoyote, wamewekwa katika vyumba visivyo na moto wakati wa baridi. Alipeleka malalamiko mahakamani hadi vyumba hivyo vikatiwa joto. Hata hivyo, hakuridhika na ushindi wa jela moja. Alijiuliza hali ilikuwaje kwingineko, akaanza kuzunguka katika jela na nyumba za kutunzia maskini za jimbo zima, daftari mkononi.

Waraka wake uliwasilishwa kwa bunge la Massachusetts mwezi wa Januari 1843, na aliyeufikisha bungeni alikuwa Samuel Gridley Howe, mwanzilishi maarufu wa elimu ya vipofu. Ndani yake Dix alieleza, mji baada ya mji, jinsi watu walivyofungiwa katika vizimba na vyumba vya chini ya ardhi, wakiwa uchi, wamefungwa minyororo na kuchapwa. Baadhi ya wasimamizi wa nyumba hizo walimshutumu kwa uongo. Lakini alikuwa ametaja mahali na kueleza aliyoyaona, na yeyote mwenye shaka angeweza kwenda kujionea. Wabunge waliidhinisha kupanuliwa kwa hospitali ya Worcester. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Dix alionyesha kwamba hata binadamu hupotea vivyo hivyo.

Mbinu hiyo aliieneza katika majimbo mengine. Kufikia 1845 alikuwa amesafiri zaidi ya maili 10,000 katika muda wa miaka mitatu, akikagua magereza makuu 18, jela za wilaya 300 na nyumba za maskini zaidi ya 500. Matunda ya juhudi hizo ni pamoja na hospitali ya Trenton, New Jersey, iliyofunguliwa mwaka wa 1848.

Pigo kubwa lilimpata mwaka wa 1854. Mabunge yote mawili ya taifa yalipitisha mswada wa kutenga ekari 12,225,000 za ardhi ya umma, ili mapato yake yawahudumie wagonjwa wa akili, vipofu, viziwi na bubu. Rais Franklin Pierce alikataa kuutia sahihi. Hoja yake ilikuwa kwamba Katiba haikuipa serikali kuu jukumu la kutunza wahitaji, jukumu ambalo kwake lilikuwa la majimbo. Msimamo huo ulitawala sera ya Marekani kwa miongo mingi iliyofuata.

Akiwa na majonzi, Dix alivuka bahari tena. Mwaka wa 1855 alikagua nyumba za watu binafsi huko Uskoti zilizowaweka wagonjwa wa akili kwa malipo, akaona unyonyaji uliofichwa nyuma ya leseni. Alikwenda London moja kwa moja kumwona Waziri wa Mambo ya Ndani. Tume ya kifalme iliteuliwa, na ripoti yake ikazaa sheria ya 1857 iliyounda bodi ya makamishna wa kusimamia na kukagua taasisi hizo. Hapa mgeni mmoja asiye na cheo aliisukuma serikali kujiwekea jicho la kudumu.

Maisha yake hayakukosa dosari. Alifanya kazi katika majimbo ya kusini bila kupaza sauti dhidi ya utumwa, na ukimya huo umemletea lawama za haki. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alisimamia wauguzi wa jeshi la Muungano tangu 1861, na ukali wake ulimgombanisha na madaktari wengi. Isitoshe, hospitali nyingi alizozipigania zilikuja kufurika wagonjwa, na baadhi zikafanana na zile jela alizozilaani.

Mwaka wa 1881 alihamia katika hospitali ya Trenton, akapewa makao humo, na humo ndimo alimofariki Julai 1887. Alizikwa Mount Auburn, Massachusetts. Fundisho kuu la maisha yake limo katika tofauti kati ya hospitali zile zilizofurika na bodi ile ya Uskoti. Huruma yaweza kujenga nyumba ya kuwahifadhi watu wenye ulemavu. Lakini pasipo mkaguzi wa kubisha mlango wake mwaka baada ya mwaka, nyumba hiyo haikawii kugeuka jela.